Ngazi ya Mfalme Imelala Kinoru

Kinoru, Meru
12 Mei 1996

Mama Veronicah,

Kazi nimepata, kwa hiyo acha kumsimamisha Njue kila akipita na lori la majani chai. Ningeandika mapema lakini mikono ilikataa kalamu. Ukishinda na karai la simiti begani tangu asubuhi, jioni hata kijiko ni kizito. Mabega yanawaka, shingo haigeuki. Ninalala chumba kimoja na Wameru watatu, na wote wanakoroma kwa Kimeru.

Kazi yenyewe utacheka. Hatujengi nyumba wala darasa. Tunajenga saa. Saa ya mawe, kubwa kuliko jiko lako, haina betri wala ufunguo. Itakaa uwanjani mwa shule ambako Mzee Mathur alifundisha hesabu miaka thelathini. Ni Mhindi mwembamba, macho yake yameingia ukungu, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Mimi niliacha shule darasa la tano, yeye aliiacha juzi tu kwa kuzeeka.

Siku ya kwanza alitukalisha juu ya rundo la mawe akatupitishia picha. Kwao ni mji unaoitwa Jaipur. Zamani, zaidi ya miaka mia mbili na hamsini, palikuwa na mfalme Jai Singh aliyetaka makao mapya. Hakuacha watu wajenge popote kama sisi. Mji ulichorwa kwanza, kisha ukagawanywa vipande tisa, barabara zikanyooka kama zimekatwa kwa kisu. Mfalme huyo alipenda kutazama mbingu kuliko kutazama maadui. Akajenga kiwanja kizima cha vyombo vya mawe vya kupima jua na nyota. Kikubwa kuliko vyote ni ngazi inayopanda juu na kuishia hewani, na kando zake mabawa mawili ya mawe yaliyopinda. Jua likienda, kivuli cha ngazi kinatembea juu ya bawa, karibu vidole vinne kila dakika. Unakiona kikitembea!

Mzee alisema, "Mfalme alikufa, ufalme ukaisha, kivuli bado kinakwenda kazini." Alipokuwa mdogo, baba yake alikuwa akimtuma huko na saa ya mfukoni airekebishe. Sasa anataka kuwaachia watoto wa Kinoru saa kama hiyo kabla macho hayajafunga kabisa.

Fundi mkuu anaitwa Kiambi, mtu wa hapa. Ana kelele lakini mkono wake ni safi. Na mimi pia ni fundi sasa. Mwambie mama.

Mume wako,
Ireri


Kibugu, Embu
26 Mei 1996

Baba Veronicah,

Barua ilifika Alhamisi ya wiki iliyopita, Veronicah akaisoma, halafu nikaisoma mwenyewe mara mbili jikoni. Wewe ni fundi! Nilipomwambia mama yako alikaa chini. Akasema mtoto wake alikuwa akiangusha hata kikombe.

Kanisani nilijaribu kunyamaza, lakini unamjua Lydiah. Alinitazama tu akasema, "Teresia, umemeza nini?" Nikasema. Akawaita akina mama wote wa chama pale pale nje ya mlango. "Kama bwana wa Teresia ni fundi wa mawe, kwa nini Teresia analala kwenye nyumba ya mbao inayovuja?" Kwa hiyo kila Jumamosi, kuanzia jana, wanawake kumi na wanne wanabeba mawe kutoka machimbo ya kule chini, kila mmoja jiwe moja mgongoni, na kuimba. Rundo limefika karibu na mlango wa jiko. Kuku hawana pa kupita.

Nimesema mbele ya watu kwamba utarudi Septemba uijenge kwa mkono wako mwenyewe. Vyumba vinne, si mji wa vipande tisa.

Mabega yako yakande na maji ya moto yenye chumvi. Na uniulizie, huyo mfalme alikuwa na mke? Alimjengea nini, au alikuwa anatazama mbingu tu?

Wako,
Teresia


Kinoru, Meru
16 Juni 1996

Mama Veronicah,

Nimemuulizia. Mzee amesema mjukuu wa mfalme ndiye aliyewakumbuka wanawake. Alijenga jumba la upepo, mbele yake limejaa madirisha madogo madogo mamia kadhaa, ili wanawake wa ikulu waone barabarani bila wao kuonekana. Nikamwambia mke wangu angependa moja la aina hiyo, aone nani anakuja kabla hajaamua kama chai ipo. Alicheka mpaka akapangusa macho.

Macho hayo ndiyo yamempeleka Nairobi. Madaktari watamfungua jicho moja kwanza, halafu la pili. Kabla ya kuondoka alimpa Kiambi mchoro alioupiga kwa mkono, na hapo ndipo shida ilianza.

Kwenye mchoro, ngazi imelala.

Kweli. Ni ukuta mnyoofu juu, kama meza, hauna mahali unapopanda. Na mabawa yamesimama wima badala ya kulala nyuma kama ya kwenye picha. Kiambi aliugeuza mchoro upande huu na upande huu. "Ngazi isiyopanda ni ngazi au ni benchi? Mzee wa watu ametuchorea benchi!" Wengine wakasema macho yake hayakuona karatasi. Nikauliza kama tunaweza kumpigia simu. Kiambi akanitazama kama mtu aliyekosa adabu. "Ireri, wewe ungempigia mwalimu wako hospitalini, macho yamefungwa bandeji, umwambie amekosea kuchora?"

Ni kweli haifai. Tukakubaliana kumtengenezea bila kumwaibisha. Tutafuata picha, kwa sababu picha ni ya mfalme mwenyewe, na mfalme hakukosea. Akirudi ataona ngazi yake imesimama vizuri, na ule mchoro hakuna atakayeutaja tena.

Goti la Kiambi limevimba, kwa hiyo kazi ya ngazi ameniachia. Nilitengeneza pembe ya mbao nikiilinganisha na picha kwa uzi, mara kumi. Kila ngazi niliiweka kwa pima maji. Teresia, sijawahi kuona kitu kimenyooka hivi kikitoka kwenye mikono hii. Nikimaliza jiwe ninalipapasa kama ndama.

Jana jua lilitoka vizuri tukajaribu. Mzee alishatuambia kwamba jua la hapa liko nyuma ya saa ya redio kwa nusu saa na kidogo, kwa hiyo tulihesabu hiyo. Saa sita kamili ya jua, kivuli kilikuwa pale pale kwenye alama ya sita! Kiambi alicheza na goti lake bovu. Walimu walitoka madarasani. Nilinunuliwa soda na watu wawili nisiowajua.

Waambie akina mama wa chama waendelee kubeba.

Ireri


Kinoru, Meru
30 Juni 1996

Teresia,

Acha wanawake wasibebe mawe tena. Nitakueleza yote, na usimsomee mama.

Ile siku tulijaribu saa sita peke yake. Tulifurahi, tukaenda kunywa soda. Wiki iliyofuata mwalimu mmoja alikwenda kutazama saa tatu asubuhi. Kivuli kilisema saa mbili. Tukangoja. Saa sita kikawa sawa. Saa tisa alasiri kikasema karibu saa kumi! Siku tatu tulikilinda kama askari. Asubuhi kinachelewa, mchana kinapatana na sisi, jioni kinakimbia mbele. Watoto wa shule wanaimba kwamba saa ya Kiambi inawahi kwenda nyumbani.

Kiambi hazungumzi. Akizungumza anasema, "Mtu wa Embu amepotosha ngazi." Nimepima tena na tena. Ngazi ni kama ya picha, hakuna hata unywele wa kosa. Sijui nimekosea wapi, na hilo ndilo linaloniuma.

Mzee anarudi Ijumaa. Nitamwambia ni mimi niliyesema tuache mchoro, na ni mimi niliyejenga. Kiambi ana watoto saba na jina lake ni la hapa hapa mjini. Mimi naweza kubeba jina langu nikaondoka nalo.

Na jambo lingine. Mimi si fundi. Nilipokuandikia mwezi wa Mei nilikuwa mtu wa mkono, mbeba karai, na sikuwa nimeshika mwiko hata siku moja. Nilitaka upate kitu cha kufurahia. Sikujua furaha yako huwa inakusanya wanawake kumi na wanne na machimbo. Hiyo ngazi ndiyo kitu cha kwanza nilichojenga maishani, na sasa umesikia ilivyo. Nitakujengeaje nyumba? Rudisha mawe. Mwambie Lydiah nimeumia mkono.

Ireri


Kibugu, Embu
7 Julai 1996

Baba Veronicah,

Mkono wako hauna kitu, na Lydiah sitamwambia uongo, maana atakuja na dawa.

Nilijua. Nilijua tangu ile barua ya kwanza kabla sijafika chini ya ukurasa. Umesahau baba yangu alikuwa nani? Miaka ishirini nimemkanda baba yangu mgongo na magoti. Fundi wa mawe anaumwa mgongo na magoti kwa kuinama. Wewe uliandika mabega na shingo. Mabega na shingo ni karai. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Veronicah akauliza kama nimeungua.

Sasa utaniuliza kwa nini nilitangaza kanisani. Kwa sababu nakujua. Ukiambiwa jambo huwezi, unakubali haraka sana. Lakini ukishaona watu wamebeba mawe kwa ajili yako, utatafuta jinsi. Na ulitafuta! Barua ya mwezi wa Juni hukutaja mabega hata mara moja. Uliandika kwamba unapapasa jiwe kama ndama. Baba yangu alikuwa anafanya hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipojua kwamba sasa nina fundi.

Kuhusu kivuli sina la kusema, mimi ni mchuma chai. Ila nitakuambia ninachokiona. Nimesimama shambani miaka kumi na tano na kivuli changu. Mwezi huu, saa sita, kinaanguka upande wa Mbeere, kusini. Krismasi kinaanguka upande wa mlima, kaskazini. Hakina upande wake. Sasa huyo mfalme wa India, kivuli chake nacho kilikuwa kinahamahama hivi? Muulize Mzee. Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini hawezi kuchora benchi bure.

Mawe sirudishi. Jumamosi yameongezeka kumi na nne.

Teresia


Kinoru, Meru
14 Julai 1996

Kwa Bi. Teresia Ireri,

Hunijui, na naomba radhi kwa kukuandikia bila kukutana. Mimi ni Mathur, mwenye ile saa. Jicho moja limeshafunguka, na nimeona vyema nikupe ripoti ya mume wako, kwa kuwa yeye akiandika atajipunguzia maksi.

Nilirudi Ijumaa ya tarehe tano. Nilikuwa bado na bandeji upande mmoja, kwa hiyo nilitangulia kwa mkono. Nilipapasa ukuta, nikategemea uwe mnyoofu kama meza, nikakuta unapanda. Nikaendelea kupapasa, unapanda tu! Nikasema, "Nani amenijengea hii?" Kisha sauti moja ikasema, "Ni mimi, Mwalimu. Niliacha mchoro wako nikafuata picha. Wengine hawamo." Nikauliza kwa nini aliacha mchoro. Akasema, "Tulidhani macho yamekukosesha, tukaona vibaya kukuuliza."

Nilicheka hadi daktari wangu angenikemea. Bibi, katika miaka yangu yote ya kufundisha, wanafunzi wamenikosea kwa uvivu na kwa ujinga. Hii ni mara ya kwanza nimekosewa kwa heshima.

Sasa nikufafanulie kosa, maana ni zuri. Kuna nyota moja ya kaskazini ambayo haihami. Ngazi ya mfalme wetu inapanda ili ielekee nyota hiyo, na kule Jaipur nyota iko juu angani, kiasi cha theluthi ya njia ya kufika utosini. Hapa Meru tumekaa karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Mume wako alipita kibao chake barabarani akitoka Embu. Hapa nyota ile imelala chini kwenye ukingo wa dunia. Nyota ikilala, ngazi nayo ilale. Wao walijenga saa sahihi kabisa ya Jaipur, wakaiweka Kinoru, nayo ikasema kweli saa sita peke yake.

Mume wako alipata kunisomea maneno yako juu ya kivuli cha shambani kinachohama upande. Nimeyanakili. Kule kwetu kivuli cha saa sita huangukia kaskazini mwaka mzima, hakihami. Wewe umeliona kwa kuchuma chai jambo ambalo nilikuwa nikilifundisha kwa wiki mbili.

Kuna jambo moja la siri. Jumatatu Bwana Kiambi alikuja nyumbani kwangu, kofia mkononi, akasema, "Mwalimu, wazo la kuacha mchoro lilikuwa langu. Yule Mwembu amenifunika." Nimeamua kutomwambia mume wako kwamba najua. Nawe usimwambie.

Nilikagua ngazi kwa vidole, jiwe kwa jiwe. Mahali ilipo si pake, lakini hakuna jiwe hata moja lililokaa vibaya. Haitabomolewa. Mabawa tu ndiyo tutakayoyatoa, na ukuta mpya ulalao ataujenga yeye. Naomba uniruhusu kumshika hadi mwishoni mwa Septemba.

Kwa heshima,
Mathur


Kinoru, Meru
15 Septemba 1996

Mama Veronicah,

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikutaka kukuandikia kabla jua halijasema. Umeona Julai na Agosti zilivyokuwa. Tulijenga ndani ya ukungu wiki saba. Kiambi akawa anasema tumemjengea Mzee saa ya kupima baridi.

Ukuta umelala, mabawa yamesimama. Jumanne jua lilitoka asubuhi na mapema. Mzee aliletwa na kiti chake na blanketi, macho yote mawili wazi. Hatukunywa soda safari hii, tulikaa hapo mchana kutwa. Saa tatu, kivuli kwenye tatu. Saa sita, kivuli kimeshuka mpaka chini ya ukuta. Halafu kikavuka kikaanza kupanda bawa la pili. Saa tisa, kwenye tisa! Mzee alitoa saa ya mfukoni, ya marehemu baba yake, akairekebisha kwa kivuli changu, akairudisha mfukoni.

Namba nimezichonga mimi. Kwenye mchoro alikuwa ameandika sita pale jua linapochomoza, kama saa za kizungu. Nikamuuliza, "Mwalimu, hapa jua linachomoza saa kumi na mbili mwaka mzima, na saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Kwa nini jua lihesabu kigeni?" Akasema kule kwao wakati wa baridi mchana unafupika na hesabu hiyo ingeharibika, lakini hapa mchana haubadiliki. "Mfalme angekuonea wivu. Futa, andika ya kwenu." Basi inaanza kumi na mbili, inashuka hadi sita, inapanda hadi kumi na mbili.

Ile ngazi ya kwanza iko pale pale, peke yake. Watoto wanaipanda kutazama mpira uwanjani Kinoru bila kulipa. Na ukuta mpya, unajua wanaufanyia nini wakati wa mapumziko? Wanaukalia. Kiambi alikuja akasimama mbele yao, mikono kiunoni. "Si nilisema ni benchi?"

Halafu akaniita kando. Akanipa mwiko wake wa zamani, mpini umelainika kama sabuni. Akasema tu, "Huu unajua njia. Usiupeleke Embu ukautia kutu." Sijui kwa nini macho yake yalikuwa mekundu.

Magoti yananiuma, Teresia. Na mgongo.

Ninakuja Jumamosi tarehe ishirini na nane. Nataka nikifika nianze mara moja, kwa hiyo nisaidie. Chomeka kijiti kilichonyooka katikati ya kiwanja. Redio ikisema saa sita, ongeza dakika ishirini na mbili, ndiyo saa sita ya jua la Kibugu, Mzee ameipiga hesabu. Weka alama pale kivuli kinapoishia. Kutoka kwenye kijiti hadi kwenye alama funga kamba. Hapo ndipo utapita ukuta wetu wa kwanza, mnyoofu kama barabara za Jaipur.

Fundi wako,
Ireri


Kibugu, Embu
24 Septemba 1996

Baba Veronicah,

Barua hii nimempa Njue akukabidhi mkononi, maana posta itakupita njiani.

Nilifanya ulivyosema. Kijiti nilikichagua mwenyewe, mama yako akakikagua, Lydiah akakisimamisha kwa jiwe na uzi. Redio tukaileta nje. Wanawake wote wa chama walikuja, na birika la chai. Saa sita ya redio, kivuli kifupi. Dakika kumi, kifupi zaidi. Dakika ishirini na mbili tukainama wote, kichwa kwa kichwa, mimi nimeshika kigingi.

Hakuna kivuli!

Ireri, hakuna. Jua limekaa juu ya kijiti kama kofia. Tulikizunguka. Lydiah akasema labda ameusimamisha mchana wenyewe. Mama yako akasema mtoto wake ameanza tena kuangusha vikombe. Tulicheka mpaka chai ikapoa, wanawake wazima wamelala juu ya mawe. Muulize Mzee Mathur, lakini naona jibu ninalo: kivuli kinatoka upande wa Mbeere kinakwenda upande wa mlima, na wiki hii kiko njiani, kinapita chini ya kijiti. Fundi wa saa, umesahau kuangalia tuko mwezi gani.

Mawe ni mia mbili na kumi na nane. Dirisha langu dogo liwe upande wa barabara. Nitakuwa nimesimama mahali litakapokuwa, nione nani anakuja kabla sijaamua kama chai ipo.

Kigingi kiko mkononi na kamba iko begani, sijui nifunge wapi. Njoo uonyeshe.

Teresia